Faili Lililoingia Kimya Kimya

Mwishoni mwa Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant waliingia Karagwe wakapokewa na Mkama, yaani mfalme, wa nchi. Katika kitabu chake Speke alimwandika mwenyeji wake kwa jina la Rumanika, baba yake Dagara, na wazee wa nasaba yao Rohinda. Mwaka 1975 mwanahistoria Israel Katoke alichapisha kitabu chake kuhusu ufalme huo, na watu wale wale wakawa Rumanyika, Ndagara na Ruhinda. Serikali ilipoanzisha hifadhi mpya za taifa huko magharibi mwa Kagera mwaka 2019, moja iliitwa Rumanyika-Karagwe.

Msomaji hasumbuki. Anajua ni mtu mmoja. Lakini mjukuu akichukua orodha ya Speke, orodha ya Katoke na daftari la mzee wake wa Bweranyange, akaziingiza zote kwenye programu ya nasaba, atapata wakama watatu waliotawala kwa wakati mmoja, kila mmoja na baba yake. Programu itamjulisha kwamba kazi imekamilika bila tatizo lolote.

Wanaohangaika na mafaili makubwa ya ukoo huogopa zaidi siku faili linapogoma: maandishi mekundu, kompyuta kuganda, seva kukata mawasiliano katikati ya kazi. Woga huo umekaa mahali pasipo pake. Faili linalogoma limemwonyesha mwenyewe kwamba kuna jambo la kutazama, na mara nyingi limemtajia hata namba ya mstari. La kuogopwa ni lile linaloingia lote, vizuri kabisa, likiwa limemhamishia bibi watoto wasio wake.

Ili kuona mambo hayo yanavyotokea, inafaa kwanza kulifungua faili lenyewe. Programu karibu zote za nasaba, ziwe za kulipia au za bure kama Gramps, hupokezana data kwa mpangilio uitwao GEDCOM. Uliasisiwa miaka ya 1980 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Utah, Marekani. Toleo la 5.5.1 lilitoka kama rasimu mwaka 1999, likakaa miaka 20 bila kupitishwa rasmi, na dunia nzima ikawa inalitumia hivyo hivyo. Toleo la 7.0 lilitolewa 2021, lakini mafaili mengi yanayozunguka kwenye flashi na WhatsApp bado ni ya lile la zamani.

Ndani yake hakuna siri yoyote. Ni maandishi matupu, mstari mmoja jambo moja, kila mstari ukianza na namba ya ngazi:

0 @I12@ INDI
1 NAME Rumanyika /Orugundu/
1 SEX M
1 FAMC @F7@

Sifuri inaanzisha mtu mpya, aliyepewa kitambulisho I12. Moja ni habari zake: jina, jinsi, na familia alimozaliwa, ambayo ni F7. Mahali pengine kwenye faili hilo F7 ina mistari yake inayotaja baba, mama na watoto. Faili zima huanza na HEAD na kuisha na TRLR. Hapo katikati ni watu tu na kamba za kuwafunga.

TRLR ndiyo ya kutazamwa kabla ya kitu kingine chochote, na inashangaza ni watu wangapi hawaitazami. Faili kubwa linalotumwa kwa mtandao wa simu kutoka Kayanga au Nkwenda linaweza kukatika njiani, na anayelipokea akaona jina la faili likiwa kamili, akadhani na yaliyomo yamekamilika. Programu inapolikataa, huanza kulaumiwa programu. Dawa yake ni kulifungua kwa Notepad++ au programu nyingine ya maandishi matupu, kushuka hadi chini kabisa, na kutazama kama mstari wa mwisho ni 0 TRLR. Ukikuta jina limeishia katikati, hakuna la kurekebisha. Omba utumiwe upya.

Word isitumiwe kwa kazi hii. Inapohifadhi faili kwa mtindo wake yenyewe, hulijaza mambo ya fonti na rangi ambayo programu ya nasaba haina habari nayo.

Kuna pia suala la uzito. Mtu akiweka ukoo wake kwenye tovuti kwa kutumia webtrees, ambayo hutumia lugha ya PHP, atakutana na ukomo ambao hata hakuuweka yeye: PHP ikiachwa na mipangilio yake ya awali hukubali kupakiwa faili lisilozidi megabaiti 2. Ukoo wa watu elfu chache wenye maelezo marefu unauvuka ukomo huo kirahisi. Anayeimiliki seva anaweza kuupandisha. Asiyeimiliki ana njia nyingine, ya kulihamishia faili kwenye folda ya data ya seva kwa utaratibu wa kuhamisha mafaili, kisha kuiambia webtrees ilichukue humo humo. Picha hazichangii uzito huu, maana faili la GEDCOM halibebi picha. Hubeba anwani tu ya mahali picha ilipo kwenye kompyuta ya aliyelitengeneza, na ndiyo sababu ukoo ukihamia kompyuta nyingine sura zote hupotea. Toleo la 7.0 limeleta namna ya kufunga picha na maandishi katika furushi moja la zipu, lakini ni lazima programu zote mbili ziwe zinalielewa.

Halafu kuna ng'ombe. Karagwe haina historia bila ng'ombe, na maelezo ya ndoa, mahari na urithi yamejaa ng'ombe. Word ina tabia ya kuikunja ile alama ya juu baada ya ng. Alama iliyokunjwa ikihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, halafu programu ikaisoma kwa usimbaji wa zamani wa Windows, neno hutoka hivi: ngâ€™ombe. Ikiwa ni kinyume chake, faili limehifadhiwa kwa ule wa Windows lakini kichwani limejitangaza kuwa UTF-8, programu nyingine huweka kisanduku chenye alama ya kuuliza na nyingine husimama kabisa. Mstari wa kuchunguza uko karibu na mwanzo wa faili, unaoanza na 1 CHAR. Ukisema ANSEL, usiuamini haraka. ANSEL ni usimbaji wa enzi za maktaba za kompyuta za mwanzo, na Gramps yenyewe humwonya mtumiaji kwamba tangazo hilo wakati mwingine huwa si la kweli. Kwa kawaida inatosha kulifungua faili kwenye Notepad++, kuhakikisha maneno yanasomeka, kulibadili liwe UTF-8, na kurekebisha mstari wa CHAR ulingane. Kubadili mstari peke yake bila kubadili faili ni kuongeza uongo juu ya uongo.

Hitilafu nyingine ya kelele hutokana na aya. Mzee amesimulia, kijana ameandika maelezo ya kurasa mbili, akaacha mstari mtupu kati ya aya na aya. Katika toleo la 5.5.1 mstari hauruhusiwi kuzidi herufi 255, na kila mstari wa nyongeza lazima uanze na namba ya ngazi na alama ya CONC au CONT. Programu zinazotengeneza faili hufanya hivyo zenyewe. Tatizo huja mtu anapobandika simulizi kwa mkono. Programu inakutana na mstari unaoanza na "Baada ya hapo babu akahamia Kaisho", inatafuta namba, haioni, inalalamika. Hapa ujumbe wa hitilafu ni rafiki kweli kweli, kwa sababu hutaja mstari.

Na ujumbe usipotaja mstari, lipo jambo la kufanya ambalo halihitaji utaalamu. Faili hukatwa nusu kwa nusu, kila nusu ikiwekewa HEAD na TRLR yake, zikaingizwa kwenye mti mtupu wa majaribio. Nusu inayogoma inakatwa tena. Faili la mistari 100,000 halihitaji zaidi ya mikato 17 kufikia mstari mmoja. Nakala ya asili haiguswi.

Kukata, hata hivyo, ni kwa ajili ya kutafuta tu. Wengine wakishaona vipande vinaingia huamua kuvitumia hivyo hivyo, na hapo ndipo hitilafu ya kelele inapogeuka kuwa ya kimya. Mtoto yuko kipande cha kwanza, mstari wake unasema FAMC @F7@. F7 iko kipande cha pili. Programu inakuta kamba isiyofungwa popote. Nyingine husema, nyingine huikata na kuendelea, na mtoto anabaki bila wazazi.

Kuunganisha kuna hatari yake kubwa zaidi. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini koo hazikumegwa. Wanyambo, wenyeji wa wilaya hizi, walioko Nkwenda na Mabira upande wa Kyerwa wana wajomba Kayanga, Bugene na Nyaishozi upande wa Karagwe. Tuseme binamu wawili wanagawana kazi, mmoja anakusanya upande huu na mwingine upande ule. Kila kompyuta inaanza kuhesabu kutoka I1. Wakikutana kwenye steshenari pale Omurushaka, mmoja ananakili mistari ya mwenzake na kuibandika chini ya yake, ili liwe faili moja. Sasa kuna I1 wawili, F1 mbili, na kadhalika hadi mwisho. Familia F7 ya Kyerwa inadai mtoto wake ni I12, na I12 wa kwanza ambaye programu inamwona ni mzee wa Kayanga. Mti unachorwa, unapendeza, na nusu ya watu wamezaliwa na wasiowajua. Kila faili lingeingizwa peke yake kwenye mti mmoja, moja baada ya jingine, programu nzuri ingewapa wageni namba mpya bila kuulizwa.

Lakini hayo yote bado ni ya mashine. Yanayochukua muda mrefu ni yale yanayozaliwa kwa sababu mpangilio wenyewe, uliobuniwa Utah, unaichukulia familia kwa namna fulani, na familia za Karagwe haziko hivyo.

Tazama tena mistari ya Rumanyika hapo juu. Mikwaju miwili kwenye jina inaiambia programu kwamba kilicho katikati ni jina la ukoo, la kurithishwa. Orugundu halikuwa jina la ukoo, lilikuwa lake. Ukoo wake ni Abahinda. Lakini programu ikishaona mikwaju itampa mwanawe pendekezo la Orugundu, itakipanga kizazi kizima chini ya herufi O, na itamwona baba yake Ndagara kama mtu wa ukoo mwingine. Kwa familia ambayo kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe na jina la baba halishuki, ni afadhali mikwaju iachwe mitupu, na ukoo uandikwe kwenye sehemu yake ya pekee. Wengi huamua kinyume, kwa kuwa shule na vitambulisho vimewazoesha majina matatu. Hapo lazima ukoo mzima ukubaliane namna moja kabla mtu wa kwanza hajaandikwa, vinginevyo marekebisho hayaishi.

Kisha majina yanayojirudia. Mapacha wa kiume Kagera huitwa Ishengoma na Kato, wa kike wa pili ni Nyakato, na anayewafuata mapacha ni Kaiza. Ukoo wa watu elfu mbili utakuwa na akina Kato kadhaa, na mapacha wenyewe walizaliwa tarehe moja na wazazi wale wale. Zana za programu za kutafuta watu waliorudiwa hutazama jina, tarehe na wazazi. Mapacha ambao mtunza rejesta kanisani aliwaandika kwa jina moja la ubatizo kwa kukosea, au mabinamu wawili wa kijiji kimoja walioitwa Kato mwaka mmoja, zinawaona kuwa mtu mmoja. Ukibonyeza kuunganisha wote kwa mkupuo, wamekwisha kuwa mmoja. Rejesta zenyewe zina mtindo wake: za zamani za Kikatoliki ziliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Petrus wa rejesta, Petro wa kadi ya kliniki na Peter wa cheti cha shule watasimama kama watu watatu hadi mtu mwenye kuwajua awaunganishe mmoja mmoja, kwa mkono.

Ndoa ndizo zinazoharibika zaidi. Katika GEDCOM familia moja ina mume mmoja na mke mmoja. Mzee mwenye wake wanne anatakiwa awe na familia nne, na kwenye mistari yake FAMS, yaani familia aliyooa, iandikwe mara nne. Mwandishi asiyejua hilo huweka familia moja yenye mistari minne ya WIFE, akiona ndivyo nyumba ilivyokuwa. Programu nyingi zitamshika mke mmoja na kuwaacha wengine, na watoto wote ishirini wanakuwa wa mke huyo. Hakuna onyo linalolingana na uzito wa kosa hilo. Mirathi ya migomba, nyumba na mashamba ya kahawa inaweza kufuata nyumba za akina mama, na mti wa kompyuta uliochapwa ukatundikwa ukutani unaweza kuletwa kikaoni kama ushahidi.

Swali la "baba yako nani?" nalo lina majibu mengi. Aliyelelewa na baba mdogo baada ya baba kufariki anaweza kumtaja huyo, au wote wawili. Faili linaruhusu FAMC mbili, na lina alama ya PEDI ya kueleza kama uhusiano ni wa kuzaliwa, wa kuasili au wa kulelewa. Bila PEDI, programu moja itaweka wazazi wote, nyingine itachukua wa kwanza na kuwatupa wengine.

Kagera ina mfano wa kazi kubwa iliyolijua tatizo hili mapema. Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera ulifanyika kwanza 1991 hadi 1994 ukiwa na kaya 915, zikiwemo za Karagwe ya wakati ule ambayo ilijumuisha Kyerwa ya leo. Lengo lilikuwa kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa UKIMWI. Watafiti waliporudi 2004 hawakufuata nyumba, walifuata watu: aliyekuwa mtoto kwenye kaya ya kwanza alitafutwa popote alipohamia, akiwa bado na utambulisho wake wa mwanzo. Kaya zile zilikuwa zimezaa zaidi ya kaya 2,700, na kufikia 2010 zaidi ya 3,300. Hakuna aliyehesabiwa kuwa mtu mpya kwa sababu ameoa au amehamia Mwanza. Yatima aliyepitia nyumba tatu alibaki mtu mmoja mwenye historia ya nyumba tatu. Mafaili ya ukoo yangefaidika sana na nidhamu hiyo, na haihitaji programu ya ghali, ni kuamua tu kwamba kitambulisho hakibadilishwi.

Tarehe ni nyepesi kidogo. "12 Agosti 1961" haisomeki kama tarehe. Mpangilio unataka 12 AUG 1961, na programu isipoelewa huihifadhi kama maneno tu, ikakosekana kwenye upangaji na hesabu ya umri. Kwa mtu ambaye mzee anasema alizaliwa mwaka wa vita vya Kagera, 5.5.1 inaruhusu kuandika INT 1979 (mwaka wa vita vya Kagera), yaani tafsiri ya mwandishi pamoja na maneno yenyewe ya mzee kwenye mabano. Ni busara kuyahifadhi yote mawili, kwa sababu vita vilianza 1978, na mtu mwingine baadaye anaweza kuwa na sababu ya kuitafsiri tofauti.

Baada ya kuingiza, kuna hesabu moja ya haraka: kuhesabu kwenye Notepad++ mistari mingapi inaisha na INDI, na kulinganisha na idadi ya watu ambayo programu inasema imewapokea. Zikitofautiana, kuna waliopotea. Gramps huacha maandishi kuhusu mistari ambayo haikuielewa, na ina zana ya kuhakiki data inayotaja mama aliyezaa akiwa na miaka minane au mtoto aliyezaliwa baada ya mazishi ya mama. Zana hiyo haiwezi kukamata jina la mahali.

Na mahali ndipo wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, zina mtego wa pekee. Kijiji kimoja kinaweza kuingia kwenye faili kama Karagwe ya Ziwa Magharibi, Tanganyika, kwa aliyezaliwa 1962. Kama Karagwe, Kagera, Tanzania, kwa mdogo wake wa 1985, kwani mkoa ulibadilishwa jina mwaka 1979. Na kama Kyerwa kwa mjukuu wa 2014. Programu inaona sehemu tatu na kuchora uhamaji ambao haukuwahi kutokea. Hilo ni la kukera tu. Baya zaidi ni neno moja lisilo na nyongeza, kwa mfano Isingiro. Kyerwa kuna Isingiro, na ng'ambo ya mto Kagera, mbele ya mpaka wa Murongo, kuna wilaya nzima ya Uganda iitwayo Isingiro. Programu ikiambiwa ijaze mahali kutoka kwenye ramani za intaneti, itachagua pale pakubwa na panapojulikana zaidi, na bibi aliyezaliwa Kyerwa atakuwa Mganda kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita ikisaka wahamiaji haramu, na watu wa mpakani walijikuta wakiulizwa walikozaliwa wazazi na babu zao. Kwa hiyo mahali kwenye faili huandikwa kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza, Isingiro, Kyerwa, Kagera, Tanzania, na zana ya kujaza mahali huzimwa kabla ya kuingiza. Latitudo ikiongezwa iandikwe na desimali zake, maana Isingiro zote mbili ziko kusini mwa Ikweta na herufi S peke yake haizitenganishi. Watu walio hai huondolewa kwenye nakala inayopelekwa mtandaoni, chaguo ambalo programu nyingi zinalo kwenye ukurasa wa kutoa faili, na mara nyingi likiwa halijawekewa alama.